Kiti Alichokikataa Minza

Nakumbuka siku aliyorudi shangazi yako Minza kutoka Bulgaria vizuri kuliko ninavyoikumbuka harusi yangu, na mama yako mkubwa akinisikia atanuna. Jana kwenye simu uliniambia masomo ya China yanaisha na hujui umepata nini zaidi ya cheti. Nilikosa jibu la haraka. Basi mwanangu, pokea la polepole.

Minza aliondoka kijijini kwetu Mwamapalala kwenda masomoni bila baraka. Kwetu mtoto akienda mbali, mzazi humpulizia maji kifuani na kumtamkia heri. Asubuhi ile babu yako alifungua ng'ombe akaenda nao malishoni, wala hakugeuka nyuma. Minza alisimama uani na kata ya maji mkononi mpaka basi likapiga honi barabarani. Alikuwa binti wa kuinamisha macho, na hakuna mtoto yeyote aliyewahi kumuuliza babu yako swali. Akayamwaga yale maji, akaondoka. Miaka yote ile mzee hakulitaja jina lake.

Alirudi msimu wa kuchambua pamba. Tulikuwa tumekaa uani na majirani, pamba safi huku, fifi, ile chafu, kule. Babu yako alipomwona akiingia, aliniambia nilete kiti. Kiti, mwanangu! Kwetu kiti ni cha mgeni. Mtoto wa nyumbani anakuta kazi, anaishika. Nilikileta huku moyo unaniuma, maana nilielewa mzee anawaambia watu kwamba huyu si wake tena.

Minza alikitazama kile kiti. Kisha akapiga magoti na gauni lake la safari. "Mwadila, baba," akasalimia. Alipoitikiwa, akaketi chini kando ya mzee na kuanza kuchambua. Mikono ilikuwa imesahau, fifi akazitia kwenye safi, na mzee akawa anazitoa.

"Baba, nina swali," akasema. Sote tuliacha kazi. "Kwa nini hukunipa maji?"

Nilidhani mzee atasimama aondoke. Alibaki na pamba yake mkononi.

"Kaka yangu nilimpulizia mimi mwenyewe," akajibu, "akaenda migodini. Hakurudi. Nikasema, wewe nisipokuaga, utakuwa hujaondoka."

Minza akalia, akajifuta kwa kiganja. "Ningekuuliza siku ile, baba, lakini nilikuogopa. Kule nilikuwa mgeni kila siku. Nisipouliza, napotea njia, nalala njaa. Nimejifunza kuuliza."

Mzee akanigeukia. "Ondoa hicho kiti," akasema. "Ulete maji."

Unamjua shangazi yako kwa udaktari wake wa mifugo. Kutoka Dutwa hadi Mwanhuzi watu wanamsifia. Mimi ninamsifia kwa siku ile. Ninamhusudu mpaka leo, sikufichi, maana mimi niliyebaki nyumbani sikuwahi kumuuliza baba yetu lolote mpaka tukamzika.

Kwa hiyo, mwanangu, usijipekue sana kutafuta ulichopata. Ukifika nyumbani Bariadi utawekewa kiti na soda, na majirani watakuja kukutazama. Usikikimbilie hicho kiti. Salimia kwa heshima uliyoondoka nayo, shika kazi utakayoikuta, kisha uliza lile uliloshindwa kuuliza kabla ya kusafiri. Hapo ndipo utakapojua umekua kiasi gani. Baba yako, mdogo wangu, amerithi ukimya wa babu yako. Hakuja stendi kukuaga, na najua hilo umelibeba mpaka China. Mimi najua alikuwa wapi asubuhi ile, lakini sitakwambia. Muulize yeye.

Mungu akushike mkono angani na barabarani. Akukutanishe na watu wako wakiwa wazima. Ulimi wako uwe mwepesi kuuliza, na baba yako apate nguvu ya kukujibu. Kata ya maji tayari ninayo, lakini nitamkabidhi yeye.