Nusu ya Jina Langu

Nikisikia harufu ya mafuta ya simsim yaliyokaangiwa kitunguu saumu, miaka yangu hii yote hunitoka. Huwa na minane tu, niko kwetu Muyeye, nimekaa mkekani nimepakata mkono wa kulia wa mamangu, nausugua kutoka kiwiko hadi vidole, nao mkono hauniambii kitu. Mzito kama wa mtu mwengine. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu masika ile nzima. Na naipenda harufu ile mpaka leo, sijui kwa nini mtu apende harufu ya balaa, lakini ndivyo nilivyo, na wajukuu wangu wakinicheka nacheka nao.

Mamangu alipatwa asubuhi, akikuna nazi. Hata kuanguka hakuanguka sawasawa. Aliinama kwa ubavu, polepole, kama mtu anayetafuta kitu chini ya mbuzi aliyoikalia, na sisi tukangoja akipate. Hospitali alilala wiki mbili. Aliporudi mguu wa kulia anauburura, mkono umelala, na mdomoni amebakiwa na neno moja. Neno lenyewe, kijiko. Maji kijiko. Kuku kijiko. Mdogo wangu Zuhura, aliyekuwa ndio kwanza anatambaa, kijiko. Na msidhani alilisema kama kasuku. Kulikuwa na kijiko cha kugomba, na kijiko cha kubembeleza, na kijiko kirefu cha kuuliza, kinachopanda juu mwishoni, kisha mwenyewe akikisikia hushika mdomo na machozi yakamtoka. Kwa nini kijiko? Siku ile hakuwa na kijiko wala hakuomba kijiko. Nimewauliza watu wote wenye akili ninaowajua, na kila mmoja amenipa jibu lake.

Waliokwenda kusema na daktari ni babangu na shangazi, dada yake mkubwa, mwanamke aliyependa kusikia jambo kwanza ili alitoe kwanza. Wakarudi na maneno matatu. Daktari amesema nusu kwa nusu. Hawakumuuliza nusu ya nini, maana daktari alikuwa na haraka, na siku zile daktari hakuwa mtu wa kuulizwa, alikuwa mtu wa kuitikiwa. Basi njiani kila mmoja akajitafutia nusu yake. Babangu alifahamu nusu ya mwili, kwamba ule upande wa kushoto ndio mke aliyeachiwa. Shangazi alifahamu nusu ya mwaka. Yaani tungoje miezi sita, asiposema hasemi tena, na hapo arudishwe kwao Jilore kaka zake wamtunze, na babangu apate mtu wa kutazama nyumba. Sisi watoto tubaki Muyeye. Aliyasema hayo juu ya kichwa cha mamangu, kana kwamba masikio nayo yamepooza.

Mimi nilifahamu nusu ya maneno. Kwamba maneno yote ya mamangu yamegawanywa, nusu yanakuja, nusu yamekwenda zake. Na hilo ndilo lililonichanganya kichwa, maana nani anayechagua? Nikiosha vyombo nawaza. Nikifagia nawaza. Je, likija pilipili, likija ufagio, likija na jina la yule jirani wasiyesemezana naye, na langu likawa katika ile nusu nyingine? Tena jina langu refu, Mwanahamisi, nikaona ndilo litakaloachwa mwanzo kwa uzito. Kwa hivyo kila nikimpaka mafuta nikawa namsomesha. Mwa, na, ha, mi, si. Kijiko, anajibu. Mwa, na, ha. Kijiko. Mwisho nikalegeza masharti, nikamwomba Mungu kwamba kama maneno ni nusu, basi hata jina linaweza kuwa nusu, nami nitalipokea hivyo hivyo.

Siku moja adhuhuri nikamsikia ndani yuwasoma. Wallahi, Alhamdu yote, kutoka mwanzo hadi amina, herufi haikosi. Nikatoka mbio kuwaita. Babangu akaja na shangazi nyuma yake, wakasimama mlangoni mpaka akamaliza. Babangu akamwuliza, taratibu, anataka nini. Mamangu akamtazama kwa furaha kubwa, akasema, "Kijiko."

"Mwaona?" shangazi akasema. "Kusema ajua. Yuwadeka tu."

Mimi hapo nikapotea kabisa. Maneno ya Mungu yote yapo, neno la maji halipo, inakuwaje? Na babangu pia nilimwona amepotea, ila yeye alikuwa mtu mzima, na mtu mzima akipotea hunyamaza. Shangazi akasema hata hiyo nusu ya mwaka haina haja tena, akapeleka habari Jilore. Ijumaa, baada ya sala, mjomba akafika, na nguo za mamangu zikafungwa kwenye leso mbili, zikawekwa barazani.

Nilikuwa nampaka mafuta. Hakuna aliyeniambia niache, nikaendelea, na machozi yakawa yaingia ndani ya kibakuli. Mamangu akaziona zile nguo. Akanitazama mimi. Akaniwekea mkono wake mzima kichwani, akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena, uso wote umekaza kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisimani.

"Mwana," akasema.

Wote wakageuka. Mimi nikasimama wima, mikono yote mafuta, namwambia, ha, mama, sema ha, imebaki kidogo. Akavuta tena, jasho lamtoka.

"Mwana... kijiko."

Babangu alicheka. Tangu mamangu augue sikuwa nimemsikia akicheka, na alicheka mpaka akakosa pa kukaa, akakalia yale mafurushi ya nguo. Kisha akajifuta macho, akamwambia mjomba anywe chai arudi zake salama. Shangazi akataka kusema neno, babangu akamwinulia mkono. "Ameanza na mtoto," akasema. "Mimi nitangoja zamu yangu."

Hiyo zamu haikuja, mjue. Mamangu aliishi nasi miaka mingi, maneno mengine yakarudi, mengine la, nilijaribu kuyahesabu nijue kama ni nusu nikashindwa. Jina la babangu halikurudi. Alikufa akiitwa kijiko, na kila akiitwa aliitika. Na mimi Muyeye nzima wananijua kwa Mwanakijiko. Lakini hebu niambieni nyinyi, ile mwana ilikuwa nusu ya jina langu, au alisema mwana tu, kama mama yeyote anavyomwita mtoto wake? Ningempa nani swali hilo?

Sasa mwaka huu amepatwa Zuhura. Upande ule ule. Hospitali kuna msichana wa bara, kazi yake ni kuwafundisha wagonjwa kusema, na mimi sikujua kuna kazi kama hiyo. Siku ya kwanza aliniita shosho, kama wanavyowaita bibi zao kwao bara, nikamwambia huku mimi ni nyanya, akacheka, akanipa shikamoo yake vizuri. Nikamwuliza, mdogo wangu ni nusu kwa nusu? Yule mtoto akaweka kalamu chini.

"Nyanya, ukisikia nusu kwa nusu, wewe unaelewa nini?"

Maisha yangu yote hakuna aliyeniuliza hilo. Nikamweleza, na ya babangu, na ya shangazi, na sala, na mafurushi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema Zuhura anafahamu mengi kuliko anavyoweza kusema, kwamba hii miezi ya mwanzo ndiyo ya kumkazania, na kwamba maneno gani yatarudi, na mangapi, yeye hajui, na atakayoyaona ataniambia kila wiki. Mimi sikusoma, niliacha darasa la pili, lakini kusikia mtu wa hospitali akisema hajui kumenituliza kuliko ile nusu iliyotuzungusha nyumba nzima.

Jana nilimpelekea Zuhura uji. Nikatoa kijiko mkobani, nikakishika mbele ya uso wake, sikusema kitu. Akakitazama. Akanitazama. Akacheka, cheko la upande mmoja, mpaka uji ukamwagika kwenye shuka. Nikamwita yule msichana mbio, nikamwuliza, amekumbuka, au ni mdomo tu umecheza? Akamtazama Zuhura kwa muda, akanitazama na mimi.

"Sijui, nyanya," akasema. "Mwonyeshe tena."