Ndimu na Udongo wa Malishoni

Nikikamulia samaki ndimu, namkumbuka bwana shamba aliyekuja malishoni kwetu, tambarare ya Kasese, viatu vyake viking'aa kuliko akili yake. Alimtaka mama ayageuze malisho ya mbuzi kuwa shamba, apande kahawa.

Mama aliokota bonge la udongo tifutifu, kijivu, lenye punje nyeupe, akalikamulia ndimu. Lilitoa povu.

“Afande,” alimwambia, kama tulivyowaita maofisa wote, “umeona? Udongo hii iko na chokaa mingi. Kahawa itageuka manjano.”

“Na wewe mama, ulisoma shule gani?” alicheka.

Amri ilikuwa yake, tukapanda kahawa. Majani yaligeuka manjano, mbuzi wakakosa malisho, wakakonda.

Bwana shamba aliporudi kutulaumu kwamba hatukumwagilia, mama alimtilia mkononi nusu ya ndimu.

“Chukua, afande. Shule yenye nilisomea iko hii.”