Nilivyomwombea Mwanangu Minyoo

Haya yalinipata enzi za Mwingereza, na mpaka leo nikimwona mtu aliyekuwepo siku ile ninavuka barabara, kwa hiyo nichekeni hapa hapa tumalizane.

Tulikaa nje kidogo ya Njombe, njia ya Makambako. Wifi yangu Tumaini, dada wa mume wangu, alikuwa na mtoto mwenye tumbo la mviringo, limekaza kama ngoma, na kila Jumapili tukitoka kanisani mama mkwe analipapasa akisema huyu ndiye mjukuu aliyeshiba, halafu anamtazama Lutengano wangu, tumbo bapa, miguu haitulii, ananyamaza (kunyamaza kwa mama mkwe, ndugu zangu, afadhali matusi). Wivu ulinikaba. Na matumbo yale yalikuwa karibu kila nyumba, nikajiona ni mimi tu nisiyejua kulisha.

Ikatangazwa kwamba mke wa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, atawapa mablanketi watoto wenye afya. Alfajiri nikamshindilia Lutengano viazi na togwa mpaka akawa anapumua kwa shida. Tulipofika mjini, dresa wa zahanati akawa anapapasa matumbo na kugawa watoto, huyu huku, huyu kule. Huku foleni ndefu, karibu watoto wote, na wifi yumo, anatabasamu. Kule benchi, watoto wanne tu, wanaandikwa majina, na wangu mmoja wao.

Nikasema moyoni, hawa wachache ndio waliokataliwa. Mama mkwe alikuwa ananitazama. Basi nikambeba mwanangu nikajipenyeza kwenye foleni, mbele ya wifi kabisa, na dresa aliponirudisha nikampandisha mtoto shati, nikampigapiga tumbo watu wote wasikie, nikasema huyu naye analo, asionewe kwa kuwa hana bibi wa kumsemea.

"Haya," dresa akasema kwa uchovu, "kama mama mwenyewe anasema."

Mtoto akapewa dawa inayonuka, na mimi kikombe cha haluli, kwani akina mama wote wa foleni ile walikunywa. Nikanywa kwa madaha, nikimtazama wifi. Ndipo dresa akatueleza kwamba matumbo yale si shibe, ni minyoo, imejaa karibu kila nyumba ya kwetu, tunaiokota kwa kutembea pekupeku bustanini na kujisaidia huko huko. Wifi akainamisha kichwa. Mimi sikupata nafasi hiyo, maana viazi vya Lutengano vilirudi vyote, vikatua kwenye viatu vyeupe vya mke wa Bwana Shauri, na haluli nayo ikanikimbiza kwenye mahindi ya watu. Nikiwa nimechutama huko nikasikia jina la mwanangu likiitwa kuchukua blanketi, likaitwa tena, kisha likaitwa la mwingine.

Mama mkwe alinisubiri njiani. Hakufoka.

"Katika wajukuu wangu wote, wako peke yake ndiye aliyekuwa mzima," alisema, "nawe ukaenda kumwombea minyoo."

Miaka yote ile nilingoja amsifu mwanangu, akamsifu siku ambayo sikuweza hata kuinua uso. Tangu hapo nimeapa, cha mwenzangu sikitamani tena kabla sijauliza ni nini.