Nyumba ya Kiden

Natalina alisema uongo mmoja tu wa maana maishani mwake, na aliusema akiwa amekumbatia kuku. Ilikuwa mwaka sabini na tatu. Lori lililowarudisha wakimbizi kutoka Uganda lilikuwa limesimama Juba, watu wanashusha magodoro na masufuria, na bibi yake, ambaye miaka yote ya vita hakuhama, alikuwa amekuja kuwapokea. Bibi alimkumbatia mjukuu na kuku wake, akamkumbatia mwanawe Lomoro, kisha akaendelea kulitazama lori mpaka likabaki tupu.

"Kiden yuko wapi?" akauliza.

Kiden ni mama yake Natalina. Alikuwa amekufa kambini mwaka uliotangulia, kwa homa ya siku tatu. Mjomba Lomoro ndiye aliyetakiwa kulisema jambo hilo, na tangu Nimule, pale mpakani, alikuwa akilifanyia mazoezi, midomo ikicheza peke yake. Sasa alikohoa, akaona kamba ya mzigo imelegea, akaenda kuikaza. Natalina, miaka kumi na mitatu, akabaki anatazamwa.

"Anakuja nyuma," akasema.

Lomoro naye akasema ndiyo, anakuja nyuma. Baada ya wiki moja akapata kazi Yei, akaenda zake, na uongo akamwachia mwenyewe.

Bibi hakuwa mtu wa kungoja akiwa amekunja mikono. Mtu mzima hawezi kurudi kutoka ugenini akabanana na watoto, alisema, akaanza kumjengea Kiden nyumba uani kwake, pale Munuki. Maji alisomba Natalina. Udongo alikanyaga Natalina. Kila kiangazi walikandika kuta upya, na kila kiangazi Natalina alitoa sababu mpya: Mama anangoja kuvuna karanga, mpaka umefungwa, Mama anaumwa mguu. Bibi alizipokea sababu hizo vizuri sana, akazipeleka mpaka sokoni. Mguu wa Kiden uliombewa kanisani Jumapili mbili mfululizo, na Natalina alipiga magoti na wenzake akauombea.

Kulia hakuweza. Utamliaje mtu ambaye kitanda chake kimeshatandikwa? Akajikaza, akawa mtoto mkimya, na watu wakamsifu kwa adabu. Shuleni wenzake walizungumza Kiarabu cha Juba mbio mbio, yeye akaja na Kiswahili chake cha kambini, wakamwita Uganda na kumwacha akae peke yake. Upweke ule ulimuuma kuliko njaa, na njaa alikuwa anaijua.

Mwaka sabini na tano, baada ya Pasaka, akahamia jirani msichana aitwaye Poni, naye ametoka Uganda. Wakawa wanakwenda bombani pamoja, wakipiga soga kwa Kiswahili.

"Mama yako iko wapi?" Poni akamwuliza siku moja.

"Alikufa," Natalina akasema.

Neno lilitoka bila taabu yoyote. Bibi hakujua Kiswahili hata cha kuombea chumvi, na katika Kiswahili Kiden alikuwa amekufa siku zote. Natalina alilia mpaka mtungi wa Poni ukafurika na foleni nzima ikaanza kugomba. Alirudi nyumbani mwepesi, na kwa mara ya kwanza tangu lile lori alikula akashiba. Alichosahau ni kwamba Poni ana mama.

Mama Poni alishtuka vibaya. "Miezi saba tunakaa jirani na msiba, hata ukuni mmoja hatujapeleka! Watu watatuona sisi ni watu gani?" Kwao msiba haupitwi na wakati. Ukichelewa kusikia, unakwenda ukishasikia. Jumamosi moja ya Novemba alikusanya wanawake sita wa kanisa lake, si lile la Bibi, wakajitwika kuni, unga na maji, wakaja kimya kimya kama inavyotakiwa.

Sasa, wiki hiyo hiyo Natalina alikuwa ameishiwa na sababu, akasema Mama atafika kabla ya Krismasi.

Bibi aliona kuni zinaingia uani, akainuka upesi kuliko magoti yake yalivyopenda. "Kumbe mmesikia!" akapaza sauti, akapiga kigelegele. "Karibuni! Mtoto wangu anakuja!"

Wanawake wakasimama na mizigo kichwani. Mmoja alianza kuitikia kigelegele, akakatiza katikati. Bibi akawashika mikono, akawaingiza katika nyumba mpya wawili wawili, akawaonyesha kuta, mlango, na kitanda chenye shuka la maua. Wakasema kitanda ni kizuri. Wangesema nini? Mama Poni alitoka wa mwisho, akamtazama Natalina.

Natalina alikuwa na sentensi tayari mdomoni. Mama ameahirisha, atakuja baada ya Pasaka. Ingetosha kabisa. Bibi angewapikia wageni chai, wangekwenda zao wakimhurumia kwa kuchanganyikiwa, na kiangazi kingekuja, wangekandika tena. Kisha, kupitia mlangoni, akamwona bibi anakunjua shuka lililokunjwa na wageni, analilainisha kwa kiganja.

"Haboba," akamwambia bibi yake, "Mama haji. Alikufa kule kambini, kabla hatujarudi. Mimi nilikudanganya."

Bibi aliendelea kulainisha shuka.

"Nani alimwosha?" akauliza baadaye.

"Mimi na mwanamke mmoja wa jirani."

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

Bibi akakaa chini, na kutoka hapo wanawake walijua kazi yao. Kuni ziliwashwa, unga ukasongwa, kilio kikasikika mpaka barabarani. Kila aliyeuombea ule mguu alikuja, na kila mmoja alimtazama Natalina mara moja akageuka. Bibi hakumsemesha siku zote hizo.

Siku ya nne watu walitawanyika. Natalina akamletea uji. Alikuwa anaogopa kwamba atapelekwa Yei kwa mjomba, akaona bora ajitahidi kuwa na manufaa.

"Haboba, kunywa kidogo," akasema. "Umelia sana. Sasa inatosha."

Bibi alimtazama kwa mara ya kwanza.

"Kwako inatosha," akasema. "Wewe umekuwa naye katika kufa kwake miaka mitatu. Mimi mwanangu amekufa Jumamosi."