Akimaliza Anangoja Nini?

Jina la Mama Maswali hakupewa bure. Mtoto akilia, wengine humbembeleza. Yeye huinama kwanza amwulize analilia nini. Ni msaidizi wa darasa la vijana wenye usonji katika shule ya sekondari, na kila vijana wake wanapokaribia kumaliza, yeye hujiuliza lile lile: wakitoka getini, waende wapi? Basi huzunguka madukani kuwaombea kazi za majaribio, sala mdomoni, vumbi miguuni.

Safari hii alimpeleka kwa dobi mmoja wa vijana hao, binti wa jirani yake. Binti huyo alipenda pasi kuliko chakula; nyumbani kwao hata matambara ya kudekia yalikuwa na mikunjo iliyonyooka.

"Wiki moja," dobi alisema. "Akinifaa abaki. Asiponifaa, tusilaumiane."

Katikati ya wiki dobi akamwita.

"Mama, mkono wake sina neno. Shati likitoka kwake, nzi akitua anateleza. Lakini likiisha, anasimama kama nguzo mpaka nimwambie chukua lingine. Sasa nifanye kazi, au nimsukume yeye? Ni mvivu, mama, tusidanganyane."

Mama Maswali hakubisha. Aliomba kigoda, akaketi karibu na kapu la nguo, akatazama. Binti alimaliza kola, akamaliza mikono, akalivisha shati kwenye henga na kulitundika. Kisha mikono chini, macho kwenye kona ya dari.

Mvivu hutafuta pa kuegemea, Mama Maswali akawaza. Huyu mbona hajaegemea popote? Akafuata macho yake. Pale juu palikuwa na utando wa buibui tu.

"Mwanangu, unatazama nini pale?"

"Hakuna kitu."

"Basi unangoja nini?"

"Kengele."

Mama Maswali akashika mdomo. Darasani kengele ilikuwa juu, kwenye kona kama ile. Somo kuanza, kengele. Somo kwisha, kengele. Kula, kengele. Walimfundisha binti kupiga pasi, kurudisha chenji, hata kusalimia wateja. Kuanza jambo bila kuambiwa, hakuna aliyekumbuka kumfundisha.

Dobi akacheka. "Kumbe ni hilo tu? Nitanunua kengele!"

"Na siku ukienda msalani, baba, nani ataipiga?"

Mama Maswali akamgeukia binti. "Humu ndani, mwanangu, kitu gani kingekuonyesha kwamba kazi bado ipo?"

Binti alizunguka taratibu. Akagusa meza, akagusa kapu, akagusa waya wa kutundikia nguo. Akachukua henga isiyo na kitu, akaitundika kando ya lile shati.

"Hii haina nguo," alisema. "Inataka nguo."

Akavuta shati jingine.

Kuanzia kesho yake, dobi akifungua duka alipanga kwanza henga tupu kwenye waya. Lakini alikuwa bado hajasema ndiyo wala hapana.

Siku ya mwisho Mama Maswali alifika akinong'ona, "Ee Mola, mfungulie mlango." Alimkuta dobi kwenye benchi nje, kikombe cha chai mkononi, akimsimulia mteja kisa kisicho na mwisho. Ndani pasi ilikuwa ikifuka mvuke.

"Vipi, baba? Anabaki?"

Kabla dobi hajafungua mdomo, binti alitokea na henga tupu. Akaitundika kwenye msumari wa mlangoni, karibu kabisa na sikio la bosi wake.

"Yako bado," alisema.

Mteja nusura apaliwe kwa kicheko.

"Mama! Umeniletea mfanyakazi au msimamizi?"

"Kwani wewe ulikuwa unataka nani?"

Dobi akamalizia chai kwa mkupuo mmoja, akainuka, akaitwaa henga yake. "Jumatatu aje mapema. Ila wewe usije, tafadhali. Maswali yako yatanimaliza."

Mama Maswali akageuka amwambie binti habari hizo njema. Hakumwona mlangoni. Alikuwa amesharudi ndani; kwenye waya palikuwa pamebaki henga moja tupu.