Mafuta ya Upako Kwenye Ngazi za Hekalu

Nilipokuwa bado mdogo wa kushikwa mkono kuvuka Jules Street, mwaka 2016, mama yangu alipata kazi ya kushona mapazia ya hekalu la Wabudha. Hekalu lilikuwa juu ya kilima, kwenye kiwanja cha ngome ya zamani ya tajiri mmoja wa dhahabu. Siku ya kuyapeleka, bibi yangu, ambaye sisi tuliohamia huku kutoka Lubumbashi tunamwita Kambo, aling'ang'ania kwenda nasi.

"Pale banaombaka sanamu," alisema. "Leo mutu ataanguka. Mutaona."

"Mama, usiniharibie hii kazi," mama alimsihi. "Ingine sina."

Mlango wa hekalu ulikuwa juu ya ngazi za mawe zilizosuguliwa zikang'aa. Mama aliingia na furushi lake. Kambo akanibakiza nje, akatoa kichupa cha mafuta ya upako yaliyoombewa kanisani kwetu, akamimina ngazi baada ya ngazi huku akikemea pepo kwa sauti ya chini. Nilimshikia kifuniko. Nilijiona shujaa.

Mlango ukafunguliwa. Mtawa mmoja mzee, mwanamke mwenye kichwa kilichonyolewa, alikuwa ametuona juani na sasa anatuletea chai. Alikanyaga ngazi ya pili, akaanguka. Mlio wa kiwiko chake juu ya jiwe nausikia hata leo.

Alipoinuliwa, mkono ameukumbatia, alituomba radhi kwa chai iliyomwagika. Alituomba radhi sisi! Mama alitoka, akatazama ngazi, akatazama kichupa mkononi mwa Kambo.

Kambo alifungua kitenge alichojifunga kiunoni, akapiga magoti, akaanza kufuta. Mtawa kijana aliyesimama mlangoni alidhani bibi anaheshimu hekalu. Akaunganisha viganja, akamwinamia.

"Ngiyabonga, gogo," alimshukuru, akimwita bibi kwa lugha ya huko.

Kambo hakuinua kichwa.

Mtu alianguka kweli, kama alivyosema. Siku hizi nikisikia mahali fulani pana nguvu za giza, naona aibu kabla sijaogopa, maana najua nani alizipeleka pale kilimani.

Kesho yake kanisani mchungaji aliuliza nani ana ushuhuda. Kambo, ambaye hakuwahi kukosa ushuhuda, alikaa ameinamisha uso. Nilikaa ubavuni mwake na gauni lilelile la jana, mkono mfukoni, nimekibana kile kifuniko.