Mpira wa Tyubu Mfukoni mwa Eulalio

Kazi ya Eulalio Cáceres ukimtajia mtu atacheka: kubana kishikio. Miaka thelathini na moja anajaza ndege mafuta, anabana. Ukibana, mafuta yanapanda kwenye bawa. Ukiachia, yanakatika palepale. Mjazaji akizimia au akifa, mkono unalegea na mafuta yanasimama. Sheria nzuri, sikatai. Lakini walioitunga hawakuwahi kubana kitu dakika arobaini chini ya jua la Paraguay la Januari.

Kifundo cha mkono wake kilishavimba zamani. Basi, kama wenzake wote, alitembea na kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli mfukoni. Anakizungushia kishikio, anakaza, mkono unakuwa huru kushika kikombe cha tereré. Bila yale majani na maji yake ya barafu, nani angemaliza zamu? Hata bosi, don Wilfrido, enzi zake alifunga hivyohivyo. Na Eulalio alibakiza miezi minane tu apate pensheni yake.

Jumanne ile, saa nane mchana, alikuwa amefunga. Isabelino, mwenzake wa zamu, alikuwa kwenye ngazi chini ya bawa.

"Mzee, leta kikombe! Au umekioa?"

"Subiri zamu yako. Wewe ukinywa, unakunywa kama ng'ombe."

Hapo bomba la mpira likapasuka. Mafuta yakamrukia Isabelino usoni, akaanguka chini akipiga mayowe. Eulalio akafanya alichozoea miaka yote: akaachia. Kikombe kikaanguka. Mafuta yakaendelea kumwagika.

Jamani! Alikuwa ameachia kikombe.

Kufungua ule mpira wa tyubu ilikuwa lazima aingie kwenye mafuta yenyewe. Akageuka, akakimbilia kitufe chekundu kwenye nguzo, hatua hamsini, magoti yakimlilia. Akakipiga kwa kiganja, pampu zote za uwanja zikanyamaza. Cheche haikuruka. Bahati tu, tusidanganyane.

Jioni walikaa ofisini. Isabelino alikuwa ametoka zahanati kuoshwa macho, yamevimba, hayaoni hata meza. Don Wilfrido alikuwa na fomu mbele yake.

"Mjazaji alikuwa ameshika kishikio?" akasoma.

"Alikuwa ameshika, bosi," Isabelino akadakia. "Nilimwona kwa macho yangu haya."

Don Wilfrido akashusha pumzi, akachukua kalamu. Lawama ingeangukia bomba lililochakaa, na kila mtu angeenda nyumbani kwake. Eulalio akayatazama yale macho ya mwenzake. Alikuwa amechoka, amechoka mpaka kwenye mifupa, na aliona aibu.

"Usiandike," akasema. "Sikushika. Nilikuwa nimefunga, nakunywa."

"Una wazimu, mzee?" Isabelino akamaka. "Miezi minane! Wataifuta pensheni yako!"

"Najua. Lakini ukiandika nilishika, Wilfrido, kesho tutafunga tena. Tunajuana."

Akatoa kipande chake cha mpira, alichokifungua kwenye kishikio pampu zilipozimwa, akakiweka juu ya fomu. Isabelino akaingiza mkono mfukoni, akapapasa, akatoa cha kwake, akaunyoosha mkono mbele akiitafuta meza.